Namna ya kupunguza kosa la masi kwenye FT-ICR na Orbitrap

FT-ICR na Orbitrap ni mashine za kupima masi za molekuli: molekuli hugeuzwa ayoni (chembe zenye chaji) na kufungiwa ndani ya mtego, wa FT-ICR ukitumia sumaku na wa Orbitrap ukitumia umeme. Zote mbili hupima masafa, yaani ayoni inazunguka au inayumba mara ngapi kwa sekunde. Masi huja baadaye kwa hesabu. Kwa hiyo kosa la masi lina milango mitatu ya kuingilia: masafa yamesogezwa na kitu kilichomo ndani ya mtego, kompyuta imeyasoma vibaya, au hesabu ya kuyageuza kuwa masi ina kasoro. Wengi wakiona ppm (sehemu kwa milioni, kipimo cha kosa) zimepanda hukimbilia kufanya kalibresheni (kuoanisha masafa na masi za vitu vinavyojulikana) upya. Mashine inatulia kwa saa mbili, kisha kosa linarudi palepale, maana kalibresheni haikuwa na tatizo tangu mwanzo.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Aflatoksini B1, sumu ya ukungu inayojulikana kwa kila anayepima mahindi, karanga na mtama, ina fomula C17H12O6. Ikibeba protoni moja inaonekana kwenye m/z (masi ikigawanywa kwa chaji) 313.07066. Sasa chukua mtama mwekundu, ambao una tanini na katekini. Katekini ni C15H14O6, na ikishika sodiamu badala ya protoni inaonekana kwenye m/z 313.06826. Tofauti ya hizo mbili ni 0.0024, sawa na ppm 7.7. Mashine yenye kosa la ppm 2 inazitofautisha bila wasiwasi. Yenye kosa la ppm 8 inaweza kuita katekini sumu.

Ni vizuri kujua kipimo hiki ni kidogo kiasi gani. Kwenye FT-ICR ya tesla 7, ayoni ya m/z 313.07 inazunguka karibu mara 343,350 kwa sekunde. Kosa la ppm 1 ni sawa na hezi 0.34. Ukirekodi ishara kwa sekunde 1, hatua ya asili ya masafa ni hezi 1, yaani karibu ppm 3. Maana yake, tunatafuta theluthi moja ya hatua. Kwenye Orbitrap m/z inakwenda kinyume na mraba wa masafa, kwa hiyo kosa la ppm 1 kwenye masafa linazaa kosa la ppm 2 kwenye masi.

Chora kosa kabla ya kugusa mashine

Tafuta ayoni nane hadi kumi unazozijua kwa uhakika ndani ya faili moja, zilizotawanyika toka m/z ya chini hadi ya juu. Kwa kila moja kokotoa kosa: toa masi halisi kwenye masi iliyopimwa, gawa kwa masi halisi, zidisha kwa milioni. Usifute alama ya jumlisha au toa, kwa sababu ndiyo inayobeba habari. Kisha chora grafu tatu: kosa dhidi ya m/z, kosa dhidi ya muda, na kosa dhidi ya jumla ya ayoni katika kila skani (kipimo kimoja kamili).

Kosa likiwa sawa kwa ppm kuanzia m/z ndogo hadi kubwa, tuseme +2 kila mahali, kipimo chote kimehama kwa pamoja. Kwenye Orbitrap hii kwa kawaida ni joto, au volti ya elektrodi ya kati imesogea kidogo. Kwenye FT-ICR angalia nguvu ya sumaku, ingawa sumaku ya kipitishi bora iliyotulia huhama polepole mno.

Kosa likianza karibu na sifuri na kukua kadiri m/z inavyopanda, hasa kwenye FT-ICR, mtego una ayoni nyingi au chache kuliko zilivyokuwa siku ya kalibresheni. Ayoni zikisongamana zinasukumana, na msukumano huo hushusha masafa ya zote kwa hezi zinazokaribiana. Hezi zilezile ni sehemu kubwa zaidi ya masafa ya ayoni nzito, inayozunguka polepole. Ayoni nyingi kuliko za kalibresheni hutoa kosa la jumlisha, chache hutoa kosa la toa. Mstari huu ukishauona mara moja hutausahau, na ndio unaoonekana mara nyingi kuliko mingine yote.

Kosa likipinda kwenye ncha tu, vitu ulivyotumia kufanya kalibresheni havikufika hadi huko. Likiwa kwenye kilele kimoja (alama ya ayoni moja kwenye grafu ya matokeo) na majirani wake wako sawa, acha mashine kabisa: kuna ayoni nyingine iliyojificha chini ya kilele hicho, au fomula uliyoikisia siyo. Likitawanyika juu na chini bila mpangilio na vilele vyenyewe ni vifupi, hiyo ni kelele, na hakuna kalibresheni inayoiondoa. Likipanda na kushuka pamoja na kromatogramu (grafu ya sampuli inavyotoka kwenye kolamu ya kuitenganisha), mtego unajazwa bila usawa. Likitambaa taratibu kuanzia asubuhi hadi alasiri, mlaumu kiyoyozi.

Baada ya grafu, andika namba mbili: wastani wa makosa na mtawanyiko wake. Wastani wa +2.1 wenye mtawanyiko wa 0.3 ni habari njema. Kalibresheni moja inatosha kuumaliza. Wastani wa 0.1 wenye mtawanyiko wa 2.5 ni habari mbaya hata kama ripoti inapendeza, kwa sababu kila kilele kimoja kinaweza kukosea kwa ppm 3 au 4 upande wowote, na wastani unaficha hayo.

Hesabu kwanza, ni bure

Kabla ya kubadilisha chochote hakikisha masi unayoita halisi ni halisi kweli. Kosa la kawaida ni kuisahau elektroni. Ayoni chanya imepoteza elektroni moja yenye masi 0.00054858. Anayeongeza atomu nzima ya hidrojeni (1.00783) badala ya protoni (1.00728) anapata 313.07121 kwa aflatoksini B1 badala ya 313.07066. Hilo ni kosa la ppm 1.75 ambalo halihusiani na mashine hata kidogo. Kwenye m/z 200 lingekuwa ppm 2.7. Kwa ayoni hasi elektroni inaongezwa, haitolewi.

Majedwali ya masi yanayozunguka maabara yamejaa kosa hili. Ayoni ya siloksani inayotumika sana kama kilele cha rejea, C12H36O6Si6 yenye protoni, ni 445.12002. Ukikuta faili la mbinu limeandikwa 445.12057, aliyelijaza aliisahau elektroni, na kila sampuli iliyopita hapo imesogezwa ppm 1.2. Kokotoa upya mwenyewe kwa masi za isotopu zenye tarakimu sita au zaidi baada ya nukta. Masi za wastani zilizo kwenye jedwali la elementi ukutani hazifai kwa kazi hii.

Idadi ya ayoni kwenye mtego

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote.

Ingiza sampuli moja isiyobadilika kwa bomba la sindano, mikrolita 3 hadi 5 kwa dakika. Kwenye FT-ICR badilisha muda wa kukusanya ayoni kwa hatua: milisekunde 20, 50, 100, 200, 400. Kwenye Orbitrap badilisha lengo la kujaza (idadi ya ayoni inayotakiwa mtegoni): laki 2, laki 5, milioni 1, milioni 3. Kwa kila hatua rekodi skani 20 hivi na uandike kosa la ayoni tatu, moja nyepesi, moja ya kati na moja nzito. Usifanye kalibresheni katikati ya jaribio.

Utaona sehemu tatu. Mwanzoni vilele ni vifupi na makosa yanatawanyika. Katikati kuna eneo tulivu ambapo kosa halibadiliki sana na mtawanyiko ni mdogo. Baadaye kosa linaanza kupanda kwa mpangilio, na hatimaye vilele vinapanuka au kuvutana. Chagua kiwango cha mwisho wa eneo tulivu, kisha fanya kalibresheni kwa kiwango hichohicho. Kalibresheni iliyofanywa kwa kioevu chenye ayoni nyingi, ikatumika kwa sampuli hafifu, inazaa ule mstari unaokua na m/z hata kama kila kitu kingine ni safi.

Orbitrap huvumilia msongamano kuliko FT-ICR, lakini haina kinga. Kabla ya ayoni kuingia kwenye mtego wenyewe zinakusanywa kwenye mtego uliopinda, na huo nao una kikomo chake. Kwa kipimo cha uhakika cha masi, laki 5 hadi milioni 1 kwa skani kamili ni mwanzo mzuri. Milioni 3 inaongeza urefu wa vilele na kuvutia macho. Usahihi haupandi nayo.

Mfumo unaodhibiti ujazo haujui idadi halisi ya ayoni. Unakisia kutokana na skani fupi ya awali au skani iliyotangulia. Kilele cha kromatografia kinachopanda ndani ya sekunde mbili kinaweza kuuacha nyuma, na skani za kwenye mteremko wa kupanda zikajazwa kupita kiasi. Tazama kosa skani kwa skani kupitia kilele hicho. Ikiwa kosa linapanda pamoja na mteremko na kurudi baada ya kilele, tumia skani za upande wa kushuka, au zimua sampuli mara 5 na uingize tena. Kuzimua ni dawa rahisi kuliko zote, na wengi huiacha kwa kuogopa kupoteza ishara.

Kwenye FT-ICR kuna volti za kuzuia ayoni kwenye ncha mbili za seli, yaani mtego wenyewe. Zenyewe hushusha masafa kwa makumi ya hezi, jambo ambalo mlinganyo wa kalibresheni hulifidia mradi volti hazibadiliki. Zishushe kadiri ishara inavyoruhusu, mara nyingi karibu na volti 1, kisha usiziguse tena kati ya kalibresheni na sampuli. Vivyo hivyo nguvu ya msukumo wa kuzungusha ayoni: ikibadilika, upana wa mzunguko unabadilika, na kwa kuwa uwanja wa umeme ndani ya seli haulingani kila mahali, masafa nayo yanabadilika. Msukumo unaofikisha ayoni karibu nusu ya njia toka katikati ya seli hadi ukutani kwa kawaida hutoa ishara nzuri bila kuzipeleka karibu mno na kuta.

Tatizo moja la msongamano hudanganya kuliko mengine. Ayoni mbili zenye masi zinazokaribiana sana, zikiwa nyingi, huanza kuzunguka pamoja na kuonekana kama kilele kimoja, au vilele viwili vilivyosogeleana kuliko inavyopaswa. Katekini na aflatoksini zilizotajwa juu zinahitaji uwezo wa kutenganisha (m/z ikigawanywa kwa tofauti ndogo inayoonekana) wa karibu 130,000 ili zionekane mbili. Ukiweka mashine kwenye 250,000 na bado ukaona kilele kimoja chenye masi iliyo katikati, punguza ayoni mara nne kabla ya kuhukumu. Kilele kikigawanyika, ulikuwa unatazama ayoni zilizoshikana.

Kalibresheni ya nje

Kioevu cha sodiamu fometi ni rahisi kutengeneza na kinatoa vilele vilivyopangika kama ngazi. Yeyusha miligramu 68 za sodiamu fometi kwenye mililita 100 za mchanganyiko wa maji na isopropanoli nusu kwa nusu. Hapo unapata milimola 10 kwa lita. Ongeza asidi ya fomiki 0.1 hadi 0.2 kwa mia. Hali chanya (kupima ayoni chanya) itakupa vilele vinavyopishana kwa 67.98742: 90.97664, 158.96407, 226.95149 na kuendelea. Cha kumi ni 702.86346. Weka kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa kioo huachia sodiamu na potasiamu taratibu.

Ubaya wake ni kwamba sodiamu hung'ang'ania kwenye mabomba. Ukimaliza, safisha kwa maji na methanoli nusu kwa nusu yenye asidi ya fomiki 0.1 kwa mia, nusu saa au zaidi, hadi kilele cha 158.964 kisionekane tena. Ukiruka hatua hii sampuli zinazofuata zitashika sodiamu badala ya protoni, na katekini yetu ya 313.068 itanawiri kweli. Kwa sababu hiyo maabara nyingi za Orbitrap hutumia mchanganyiko wa kafeini (195.08765), peptidi MRFA (524.26496) na Ultramark 1621, ambayo vilele vyake vinapishana kwa 99.99361 na kufika hadi karibu 1,900. Huo hununuliwa ukiwa tayari.

Jambo dogo kwa wanaopima hali hasi. Sodiamu fometi hutoa kilele cha 112.98563, na asidi ya trifluoroasetiki hutoa 112.98559. Tofauti ni 0.00004, na kuzitenganisha kunahitaji uwezo wa karibu milioni 3. Ikiwa kolamu yako iliwahi kupitishiwa asidi hiyo, kilele hicho hujui ni cha nani, na kosa linaloweza kuingia ni ppm 0.35. Kwa kazi ya ppm 3 usijali. Kwa kazi ya chini ya ppm 0.5 usikitumie.

Mlinganyo wa FT-ICR una vigezo viwili: m/z ni sawa na A ikigawanywa kwa masafa, jumlisha B ikigawanywa kwa mraba wa masafa. A inabeba nguvu ya sumaku, B inabeba volti za seli na msukumano wa ayoni. Vigezo viwili vinahitaji walau pointi tano au sita ili upate nafasi ya kuona kosa lililobaki. Mtu akikuambia kalibresheni yake ina kosa la ppm 0.00 kwa pointi mbili, mpongeze kwa hesabu. Pointi zako zifunike eneo lote unalopima, kuanzia chini ya ayoni yako ndogo hadi juu ya kubwa. Kilele chenye kosa kubwa usikifute ili wastani upendeze; tazama kwanza umbo lake kama kina bega au jirani.

Kilele cha rejea ndani ya sampuli

Kalibresheni ya nje ikifanywa vizuri inaweza kukupa ppm 2 au 3 kwa siku nzima. Kushuka chini ya ppm 1 kunahitaji ayoni zinazojulikana ndani ya skani ileile, zilizopitia mtego uleule na msongamano uleule.

Kwenye hali chanya ya elektrosprei (kutengeneza ayoni kwa kunyunyiza kioevu chenye volti) hewa ya maabara yenyewe hutoa siloksani: 371.10123, 445.12002, 519.13882. Plastiki hutoa thaleti ya 391.28429. Kwenye hali hasi asidi za mafuta hazikosekani: palmitiki 255.23295 na steariki 283.26425. Ni za bure, lakini hazitabiriki. Siku hewa ni safi siloksani inapotea, mashine ikaendelea bila rejea na isikwambie. Fungua faili na uangalie skani ngapi zilikipata kilele cha rejea. Programu nyingi huliandika kwenye maelezo ya kila skani. Ikiwa nusu zilikipata na nusu hazikukipata, kosa litaruka kati ya thamani mbili, na wastani wake hauna maana.

Kilele cha rejea kinafaa kikiwa na urefu wa walau mara 20 ya kelele, hakina jirani ndani ya upana wa mara tatu wa kilele, na kiko karibu na m/z unayoitafuta. Dirisha la kukitafuta likiwa pana, kwa mfano ppm 20, programu inaweza kukamata jirani na kusogeza skani nzima. Libane hadi ppm 5 baada ya kalibresheni nzuri ya nje.

Kilele kimoja husahihisha kipimo chote kwa uwiano mmoja. Kinatosha kwa Orbitrap iliyohama kwa joto. Kwenye FT-ICR yenye kosa linalokua na m/z hakitoshi: kitaweka sifuri mahali kilipo na kuacha kosa kwenye ncha zote mbili. Hapo unahitaji vilele viwili au zaidi, kimoja chini na kimoja juu ya unachopima. Ukiongeza rejea mwenyewe kwenye sampuli, iwe ndogo. Ikichukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ayoni zote inaanza kuiba nafasi ya sampuli.

Wapimaji wa mafuta ghafi wana njia nzuri zaidi, inayofaa pia kwa dondoo za mimea na maji ya udongo. Sampuli yenyewe ina mlolongo wa molekuli zinazopishana kwa CH2, yaani 14.01565. Ukitambua chache kwa uhakika, mlolongo mzima unakuwa rejea kuanzia m/z 200 hadi 1,000. Tahadhari moja: kwenye sampuli zenye salfa, C3 na SH4 zinapishana kwa 0.0034 tu, hivyo usianze mlolongo na kilele usichokuwa na hakika nacho. Ukianza vibaya, mlolongo wote utakubaliana na kosa lako vizuri kabisa.

Kutoka kwenye ishara hadi kilele

Hifadhi data ya umbo kamili la kilele. Faili lililohifadhi vijiti tu (masi na urefu wa kila kilele) limeshapoteza ushahidi wa mabega na mishikano, na hakuna namna ya kuurudisha.

Upana wa kilele unategemea muda wa ishara. Bila dirisha la kulainisha kingo, kwenye hali ya ukubwa tupu (isiyotumia awamu ya wimbi), upana wa nusu ya urefu ni 1.21 ikigawanywa kwa muda kwa sekunde. Ukitumia dirisha la Hann unakuwa karibu 2 ikigawanywa kwa muda huo. Hann hupunguza vijimkia pembeni mwa vilele virefu, na vijimkia hivyo ndivyo vinavyosogeza vilele vifupi vilivyo jirani. Kwa sampuli yenye vilele vingi tumia Hann na ufidie kwa muda mrefu zaidi. Kwa ayoni moja iliyo peke yake unaweza kuiacha.

Muda mrefu una faida pale tu ishara inapodumu. Tazama ishara ghafi. Ikiwa imekufa baada ya sekunde 0.5, sekunde 2.5 zinazofuata ni kelele unayojiongezea. Ishara inayokufa haraka kwenye FT-ICR mara nyingi ni ombwe baya kwenye seli. Shinikizo linatakiwa kuwa kwenye eneo la milibari 10⁻¹⁰. Angalia gesi ya kugonganisha ayoni kama inasukumwa nje kabla ya kupima.

Jaza sifuri (ongeza sifuri mwishoni mwa ishara iliyorekodiwa) mara moja au mbili ili kilele kipate pointi za kutosha juu, kisha acha programu ipitishe kipindo kwenye pointi tatu au zaidi za kileleni. Kujaza sifuri mara tano hakuongezi habari, ila faili linanenepa. Hali ya ufyonzaji, ambapo awamu inasahihishwa, inaweza kukaribia kuongeza uwezo wa kutenganisha mara mbili kwa ishara ileile. Masharti yake ni awamu iliyokaa sawa. Ikikaa vibaya kilele kinaegemea upande mmoja na ncha yake inahama, kwa hiyo kagua ulinganifu wa kilele kirefu kimoja chini, katikati na juu ya m/z kabla ya kuamini masi yoyote.

Kuunganisha skani hupunguza mtawanyiko kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: skani 16 hupunguza mara 4. Kosa la mpangilio haliguswi. Skani elfu moja zilizohama ppm 3 zitakupa jibu imara kabisa lililohama ppm 3.

Chumba na umeme

Joto lisibadilike zaidi ya nyuzi 1 kwa saa. Hewa ya kiyoyozi isipulize moja kwa moja kwenye mashine. Mwambao ambako unyevu ni mkubwa, kikausha hewa kinasaidia vifaa vya volti kubwa kuliko kiyoyozi cha pili. Umeme upite kwenye kifaa cha betri kinachosawazisha volti muda wote, siyo kile kinachoamka umeme ukikatika tu. Ukikatika hadi pampu zikasimama, panga siku nzima au zaidi ya kurudisha ombwe na volti kutulia kabla ya kalibresheni. Inayofanywa saa mbili baada ya kuwasha itabidi irudiwe kesho yake. Kwa FT-ICR weka mitungi ya gesi na toroli za chuma nje ya mstari wa gausi 5 (mpaka ambapo nguvu ya sumaku imeshuka hadi gausi 5), kwanza kwa usalama wa watu.

Kuamua jibu

Chagua kiwango cha kuvumilia kutokana na mtawanyiko ulioupima mwenyewe, siyo namba ya kwenye kipeperushi cha muuzaji. Ikiwa wastani ni karibu na sifuri na mtawanyiko ni ppm 0.8, kuvumilia hadi ppm 2.5 kunafaa. Kwa mfano wetu kiwango hicho kinaitenga katekini yenye sodiamu, na pia C14H16O6S ambayo ikiwa na protoni iko 313.07404, karibu ppm 11 juu.

Kisha tumia isotopu, kwa sababu umbali kati ya vilele viwili vya skani moja hauathiriwi na kosa la kipimo kizima. Kilele chenye kaboni 13 moja kikae 1.00335 juu ya kikuu, hapa kwenye 314.07401, na urefu wake uwe karibu asilimia 18 hadi 19 kwa kaboni 17. Umbali ukipotoka kwa zaidi ya 0.0003, kuna ayoni nyingine chini ya kimojawapo, au mtego umejaa mno. Urefu ukipungua hadi asilimia 14 kwenye kilele hafifu usishtuke sana, maana mashine za Fourier huonyesha vilele vidogo vifupi kuliko vilivyo. Ukizidi hadi 25, shuku.

Ukiingiza sampuli bila kolamu, jihadhari pia na aflatoksini B2, C17H14O6, kwenye 315.08631. Kilele cha B1 chenye kaboni 13 mbili kinakaa 315.07737. Uwezo wa 35,000 unaanza kuvitenganisha, lakini mguu wa kirefu bado unavuta ncha ya kifupi. Weka 100,000 kwenda juu. Kumbuka kwamba kwenye Orbitrap uwezo unashuka kwa kipeuo cha pili cha m/z. Namba 120,000 iliyoandikwa kwa m/z 200 ni karibu 96,000 kwenye 315 na 60,000 kwenye 800, kwa hiyo kwa B2 chagua hatua inayofuata juu yake.